Kufundisha Historia ya Jengo: Mfano wa Ukumbi wa Mpira wa Kikapu wa Kigali

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita tulikaa nyuma ya darasa la sita kusikiliza somo la historia. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amejiandaa vizuri. Somo lake lilihusu ukumbi mkubwa wa mpira wa kikapu ulioko katika jiji la Kigali, nchini Rwanda, nasi tulikuwa tumeyapitisha maandalio yake siku mbili kabla bila kusahihisha hata mstari mmoja. Aliandika ubaoni tarehe saba, moja chini ya nyingine, akazieleza, kisha akawataka watoto wazinakili. Wakanakili. Zilipobaki dakika kama tano, msichana mmoja wa dawati la tatu alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kabla ya ukumbi huo kujengwa, pale palikuwa na nini?" Mwalimu aliyatazama maandalio yake, akajibu: "Hilo halimo katika somo la leo."

Kosa hilo tunalihesabu kuwa letu kwanza, maana sisi ndio tuliotia sahihi maandalio yasiyokuwa na nafasi ya swali kama hilo. Na katika dakika arobaini zile, swali la msichana yule ndilo pekee lililokuwa la historia hasa. Katika makala haya tunakusudia kulijibu, na papo hapo kuonyesha jinsi somo lile lile lingaliweza kufundishwa.

Kwa nini jengo?

Walimu wengi wachanga hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Jengo huwatia mashaka, hasa jengo jipya. Tuliwahi kuulizwa: ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019 una historia gani? Lakini mtoto wa darasa la sita leo, ukumbi ule ulipofunguliwa, ama alikuwa bado hajaanza shule ama alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika kalamu. Kwake yeye hiyo ni zamani. Faida kubwa zaidi ni kwamba jengo hupimika. Lina paa, lina milango, lina mtu aliyelilipia na jirani aliyeliona likiinuka. Mtoto anaweza kuliuliza maswali na kupata majibu, jambo ambalo ni gumu kwa mkataba uliotiwa sahihi Ulaya karne nzima kabla hajazaliwa.

Tumeuchagua ukumbi wa Kigali kwa sababu Rwanda ni jirani yetu. Iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Watoto wengi wamewahi kuuona ukumbi huo katika televisheni bila kujua kwamba una jambo la kuwafundisha.

Mchezo uliozaliwa ndani ya nyumba

Mwalimu hana budi kuanza mbali kidogo, kwa kuwa swali la kwanza la mtoto mwerevu litakuwa hili: mpira wa miguu hauhitaji paa, basi huu unahitaji paa kwa nini? Jibu limo katika kuzaliwa kwa mchezo wenyewe. Na habari hiyo yatupasa sisi walimu kuihifadhi, kwani mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu, ndani ya chuo, kwa ajili ya darasa lililokuwa limewashinda walimu wengine.

Mwalimu huyo ni James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa akifundisha elimu ya viungo katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilikuwa Desemba 1891, na theluji haikuruhusu michezo ya nje. Vijana 18 wa darasa lake walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya kunyosha viungo ndani ya ukumbi, wala hawakuficha kuchoka kwao. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani. Naismith alianza kwa kuileta ndani michezo ya nje kama ilivyo, ikawa ni kuumizana tu. Hapo ndipo alipokaa chini akafikiri. Aliona kwamba wachezaji huangushana kwa sababu mmoja hukimbia na mpira mikononi. Akakataza kukimbia na mpira. Aliona kwamba mpira hupigwa kwa nguvu kwa sababu goli limesimama wima mbele ya mchezaji. Akalipandisha juu ya vichwa, mdomo wake ukielekea juu, ili mpira upate kurushwa kwa utaratibu. Kisha akamwomba mtunza jengo masanduku mawili. Mtu yule hakuwa nayo, akaleta vikapu viwili vya matunda. Vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na ukingo huo ulikuwa na kimo cha futi 10.

Mwalimu na asimame hapo, awaache watoto wafikiri. Kikapu cha leo kiko mita 3.05 kutoka sakafuni, Kigali na duniani kote, nazo ni zile futi 10 za roshani ya Springfield. Laiti seremala aliyeijenga angaliipandisha kidogo, huenda wachezaji wa leo wangalirusha mpira juu zaidi. Tumeona watoto wakicheka kwa furaha walipoelezwa jambo hili, na katika historia kicheko cha namna hiyo ni dalili kwamba sababu imeshikamana na tokeo.

Mchezo ulipotoka nje ya nyumba yake ulipata taabu. Mwaka 1936 uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin, na waandaaji wakaupanga uchezwe nje, kwenye viwanja vya udongo. Siku ya fainali ikanyesha mvua. Mpira haukudunda topeni, na Marekani iliishinda Kanada kwa 19 kwa 8, mabao ambayo siku hizi timu moja huweza kuyapata katika robo ya kwanza tu. Mtoto akiisikia habari hii hatauliza tena habari za paa.

Jinsi ukumbi ulivyopatikana

Katika Afrika Mashariki tumeucheza mchezo huu zaidi nje, juu ya saruji, katika shule, misheni na vyuo. Jua tulilivumilia, mvua ilituvunjia michezo. Kigali hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na jiji lilikuwa na ukumbi mdogo tu uitwao Petit Stade, wenye nafasi za watazamaji kiasi cha elfu moja, katika mtaa wa Remera. Huo ulitosha kwa michezo ya mji, lakini haukutosha kualika bara zima.

Mwaka 2019 ukajengwa ukumbi mkubwa katika Remera hiyo hiyo. Kazi ilifanywa na kampuni ya Kituruki iitwayo Summa, ambayo ilikuwa imekwisha kujenga ukumbi mwingine karibu na Dakar, Senegal, uliofunguliwa mwaka 2018 ukiwa na nafasi 15,000. Ule wa Kigali una nafasi 10,000. Ulijengwa kwa muda wa miezi sita hivi, na tarehe 9 Agosti 2019 Rais Paul Kagame akaufungua kwa jina la Kigali Arena. Gharama iliyotajwa ni dola milioni 104 za Kimarekani.

Mwalimu ajue kwamba akiitaja gharama hiyo atapata swali: je, fedha hizo zingejenga madarasa mangapi? Wapo wenzetu wanaoona afadhali kuificha ili swali lisiulizwe. Sisi hatukubaliani nao. Swali hilo lina haki ya kuulizwa, na mwalimu hana wajibu wa kulitolea hukumu. Awagawe watoto makundi mawili. Kundi moja liseme kwa niaba ya wazazi wanaotaka madarasa. Kundi la pili liseme kwa niaba ya wauza vyakula, madereva, wenye nyumba za wageni na wachezaji vijana wanaopata kazi kutokana na ukumbi. Hapo watajifunza kwamba jengo ni uamuzi wa watu, na kwamba uamuzi una pande zaidi ya moja.

Sehemu inayofuata ina jambo la ajabu linalofaa sana kufundishia sababu na matokeo. Mnamo Februari 2019 vyama viwili, NBA ya Marekani na FIBA ya dunia, vilitangaza kuanzishwa kwa ligi ya klabu za Afrika iitwayo BAL. Ligi hiyo ilikusudiwa kuanza Dakar mwezi Machi 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ukaizuia, na kumbi zikafungwa. Ilipoanza hatimaye, kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021, michezo yote ilichezwa Kigali. Timu zilikuwa 12 kutoka nchi 12, nao wachezaji walipimwa na kutengwa, wakitoka hotelini kwenda ukumbini na kurudi. Katika mchezo wa kwanza Patriots ya Kigali iliishinda Rivers Hoopers ya Nigeria kwa 83 kwa 60. Katika fainali Zamalek ya Misri iliishinda US Monastir ya Tunisia kwa 76 kwa 63. Hivyo ukumbi uliojengwa ili kukusanya umati ulijipatia sifa yake ya kwanza barani wakati ambapo umati ulizuiliwa. Fainali za ligi hiyo zilichezwa humo kila mwaka hadi 2024. Zile za 2025 zikapelekwa Pretoria, Afrika Kusini.

Mashindano mengine twaweza kuyapita upesi. Kombe la Afrika la wanaume lilichezwa humo Agosti na Septemba 2021, Tunisia ikachukua ubingwa kwa kuishinda Côte d'Ivoire 78 kwa 75. La wanawake lilichezwa mwaka 2023, Nigeria ikaishinda Senegal kwa 84 kwa 74. Katika mashindano hayo ya wanawake timu ya Rwanda yenyewe ilifika nusu fainali na kumaliza ya 4, habari ambayo mwalimu mwenye wasichana wanaosita kuugusa mpira asiiache.

Mwezi Mei 2022 jina lilibadilika. Benki ya Kigali ilinunua haki ya jina kwa mkataba wa miaka sita, na ukumbi ukaitwa BK Arena. Kwa sababu hiyo mtoto atakuta majina mawili katika habari mbalimbali na kudhani kuwa ni kumbi mbili. Mwalimu atumie nafasi hiyo kuuliza: mahali hupewa jina na nani? Katika kila kijiji tunachokijua kuna mti, kisima au njia panda yenye majina mawili, la wazee na la ofisi.

Jirani wa ukumbi

Sasa tunarudi kwa swali la msichana yule. Jibu lake linaanzia kwa jirani. Ukumbi wa Kigali umesimama kando ya Uwanja wa Amahoro, uwanja wa taifa wa mpira wa miguu uliojengwa miaka ya 1980. Amahoro kwa Kinyarwanda ni amani. Tarehe 7 Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyodumu siku zipatazo mia moja. Katika siku hizo maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walikimbilia ndani ya uwanja huo, ambako kilikuwapo kikosi cha Umoja wa Mataifa kiitwacho UNAMIR. Walipokuwa wengi zaidi walikadiriwa kuwa 12,000. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kikosi hicho kipunguzwe sana. Askari wachache waliobaki waliendelea kuulinda uwanja. Watu hao walilala kwenye ngazi za watazamaji na juu ya majani, bila chakula cha kutosha wala maji ya kutosha, na mabomu yaliuangukia uwanja wakiwa humo.

Tumejadiliana sana chuoni kama mambo haya yafaa kuwafikia watoto wa miaka kumi na miwili. Baadhi yetu walisema somo ni la michezo, na mchezo ni furaha. Msiba uachwe kwa shule za sekondari. Hoja hiyo inatokana na huruma, nasi tunaiheshimu. Lakini mwalimu akisema kwamba pale hapakuwa na kitu, atakuwa amesema uongo. Akisema kwamba halimo katika somo, mtoto ataelewa kwamba kuna kitu kinachofichwa, naye atakwenda kukitafuta kwa watu wasiokuwa na uangalifu.

Rai yetu ni hii. Mwalimu aseme tukio kwa jina lake, mwaka wake na mahali pake. Asieleze jinsi watu walivyouawa, wala asionyeshe picha za maiti. Aseme kwamba watu waliwindwa kwa sababu ya kabila waliloandikiwa, kwamba wengi sana waliuawa, na kwamba uwanja wa mpira uligeuka mahali pa kujificha. Asiwaigizishe watoto jambo hilo hata kidogo. Tumesikia mahali fulani likifanywa, nasi tunalikataza kabisa. Akumbuke pia kwamba katika mikoa yetu ya mipakani huenda dawati moja lina mtoto ambaye bibi yake alitoroka miaka hiyo. Kwa hiyo azungumze taratibu, na baada ya kuzungumza anyamaze kidogo kabla ya kuendelea. Atakayetaka kulia asikemewe.

Kuna jambo moja linalounganisha majengo hayo mawili, nasi tungependa lisiachwe. Tarehe 7 Aprili 2024, miaka 30 ilipotimia, mkutano mkuu wa kuwakumbuka waliouawa ulifanyika ndani ya ule ukumbi wa mpira wa kikapu. Sakafu waliyoichezea Zamalek na Monastir iliwapokea waombolezaji na wageni kutoka nchi nyingi. Uwanja wa Amahoro nao ulikuwa ukitengenezwa upya; nafasi zake zilizokuwa 25,000 ziliongezwa hadi 45,000, ukafunguliwa Julai 2024. Mtoto aliyefundishwa tarehe ya 2019 peke yake hawezi kuelewa kwa nini watu waende kulia katika nyumba ya michezo.

Mambo ya kutenda darasani

Zana za somo hili ni rahisi: kamba, vigingi, mti mrefu na chaki. Kabla ya neno lolote kusemwa, watoto watoke nje na kamba yenye fundo kila mita moja, wapime mstatili wa mita 28 kwa 15. Huo ndio uwanja wa ndani ya ukumbi, nao una mita za mraba 420. Mti utiwe alama kwenye mita 3.05, na mtoto mrefu kuliko wote asimame chini yake akinyosha mkono. Tunapendekeza jambo hili litangulie kwa sababu tumeona mara nyingi watoto wakiitika "ndiyo, mwalimu" kwa vipimo ambavyo hawana picha yake kichwani. Nambari 10,000 nayo ipewe mwili: shule yenye watoto 500, na nyingine 19 zilizo sawa nayo, zote zikae kimya zikitazama mstatili huo mmoja. Kisha waulizwe kama kelele zao zingesikika hadi sokoni.

Wakirudi darasani, tarehe zipangwe juu ya kamba hiyo hiyo, kila fundo likiwa mwaka. Wataona kwamba kati ya 1994 na 2019 kuna mafundo 25, na kwamba Springfield haimo katika kamba. Yawapasa waifuate hadi nje ya mlango. Maswali ya kupima somo yaanze kwa "kwa nini" au "ingekuwaje". Swali la "lini" moja au mawili yatosha.

Kazi ya nyumbani iwe juu ya mahali pao wenyewe. Kila mtoto achague uwanja, ukumbi, soko au kituo cha mabasi kilicho karibu, akamuulize mtu mzima mambo mawili: kabla ya hapa palikuwa na nini, na nani aliyeamua pabadilike. Aende kwa adabu, aamkie, na akiambiwa mzee amechoka arudi siku nyingine. Majibu yatapingana. Mwalimu asiharakishe kuyapatanisha, bali ayaandike yote ubaoni na kuwauliza watoto ni nani aliyekuwapo na ni nani aliyesimuliwa.

Mwalimu mwanafunzi tuliyemtaja mwanzoni aliomba ruhusa ya kulirudia somo lake wiki iliyofuata, nasi tulimruhusu kwa moyo mkunjufu. Alianza kwa kumtaka radhi yule msichana mbele ya darasa, jambo ambalo sisi hatukuwa tumemwagiza. Kisha akamjibu. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Walipokwenda kupima, waligundua kwamba kiwanja cha shule kina urefu wa mita 25 tu, kutoka ukuta wa jiko hadi mwembe mkubwa. Tulipoondoka walikuwa bado wanabishana ni kipi kiondolewe, jiko au mwembe, na msichana wa dawati la tatu alikuwa amekwisha kwenda kumuuliza mpishi ni nani aliyeupanda.